Kusikiza Trilogie de la Mort Hapa Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tunapomkaribisha mtu mpya kuja kusikiza nasi, maswali huwa ni yale yale, na wengi huyauliza kwa aibu, kana kwamba kutouelewa muziki ni kosa. Si kosa hata kidogo. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa barazani. Mengine ni marefu kuliko swali lenyewe, kwa sababu albamu hii naipenda na sijui kuizungumzia kwa ufupi.

Ni albamu gani hii, na urefu wake ni kiasi gani?

Ni kazi ya Éliane Radigue, mtunzi wa Kifaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1932. Jina lake maana yake ni kazi tatu za mauti, na kweli ni vipande vitatu: Kyema ya mwaka 1988, Kailasha ya mwaka 1991 na Koumé ya mwaka 1993. Cha kwanza chapita saa moja kidogo, viwili vya mwisho havifiki. Jumla yake yakaribia muda wa saa tatu.

Hakuna ngoma, hakuna gitaa, hakuna mashairi yanayoimbwa. Kuna mvumo. Mvumo huo hubadilika, na kubadilika kwake ndiko muziki wenyewe.

Nimesikiza dakika kumi na bado nasubiri ianze. Yaanza lini?

Imekwisha kuanza. Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Nenda ufukweni Mama Ngina maji yakiwa yamekupwa. Keti, chagua jiwe moja lililotokeza nje, ulitazame. Utakaa dakika tano, utakaa kumi, na utaapa kwamba maji yamesimama. Kisha geuka ununue mihogo, uzungumze na muuzaji, akutilie ndimu na pilipili, ugeuke tena: jiwe limebaki kichwa tu. Hukuyaona maji yakipanda hata mara moja, na yamepanda. Kutoka kupwa mpaka kujaa huchukua muda wa saa sita na robo hivi, na siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, bahari hapa hupanda zaidi ya mita tatu. Yote hayo hutokea bila ya dakika hata moja ambayo ungeweza kuinyoshea kidole ukasema, hii ndiyo iliyojaza.

Albamu hii yaenda vivyo hivyo. Kuna sauti moja nzito iliyokaa chini. Juu yake kuna nyingine nyembamba, ambayo hukuitambua mpaka ilipokuwa imeshashika chumba kizima. Ukijiuliza iliingia lini, hupati. Ukisubiri tukio, utakasirika, kwa sababu sikio limezoea kusubiri: kiitikio kije, mdundo ushuke, mwimbaji avute pumzi. Acha kusubiri. Chagua sauti moja tu, kama ulivyochagua jiwe, ukae nayo. Ikipotea, chagua nyingine. Hiyo ndiyo mbinu yote ninayoijua, na miaka minne sasa haijaniangusha.

Si kelele tu hii? Friji yangu hulia hivi hivi.

Mamangu alisema hivyo hivyo. Nilikuwa nimeiweka sebuleni alasiri moja, yeye alikuwa jikoni akikuna nazi. Akaja mlangoni na kifuu mkononi akauliza kama friji imeharibika. Nikamwambia ni muziki. Hakucheka. Alisimama pale, akageuza kichwa kidogo upande wa sikio lake zima, kisha akasema: "Ziko mbili. Moja yatulia, moja yazunguka." Akarudi kwenye nazi yake.

Mimi nilikuwa nimechukua wiki kadhaa kuzitenganisha sauti hizo mbili. Yeye alizisikia kwa muda wa kukauka kifuu mkononi, kwa sababu hakuwa akisubiri wimbo.

Kwa hiyo ndiyo, yafanana na friji. Friji pia yavuma, na mvumo wake una sauti ndani ya sauti. Tofauti ni kwamba friji haikusudii kukupeleka popote. Hapa kuna mtu aliyeamua sauti ipi ifuate ipi, na ichukue dakika ngapi kufika.

Ule mtetemo wa "wau, wau, wau" ni nini?

Kama umewahi kukaa karibu na mpiga udi wa taarabu akitengeneza nyuzi kabla ya kuanza, unaujua tayari. Nyuzi za udi nyingi huenda mbili mbili. Moja ikipishana kidogo na mwenziwe, wasikia sauti yatikisika. Kadiri anavyozikaribisha, mtikisiko hupungua kasi, hupungua, mpaka nyuzi zikawa kitu kimoja na mtikisiko ukafa.

Sababu yake ni hesabu ndogo. Sauti moja ikitetema mara 100 kwa sekunde na nyingine mara 101, hukutana na kuachana mara moja kila sekunde. Zikikutana nguvu huongezeka, zikiachana hupungua. Mpiga udi huutafuta ukimya wa mtikisiko huo. Radigue alifanya kinyume: alizizuia sauti zisifikiane, akaukuza ule mpishano ukawa ndio mapigo ya kazi nzima. Ndiyo maana nawaambia watu kwamba midundo imo. Ni kwamba hakuna aliyeipiga.

Naweza kuisikiza kwa spika ya simu?

Hapana. Hapa sina huruma. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti za chini, na hapa sauti za chini ndizo msingi wa nyumba. Ukiisikiza kwa simu tupu utasikia filimbi nyembamba, utachoka, na utakuwa na haki ya kuchoka, kwa sababu nusu ya kazi hukuletewa.

Hedifoni za kawaida za waya zatosha kabisa kuanzia. Spika mbili za chumbani ni bora zaidi. Zile spika ndogo za bluetooth zina ila moja ambayo imetusumbua: nyingi hujizima zikidhani hakuna kinachopigwa, na Kyema huanza kwa sauti ndogo sana. Ukiwa nayo hiyo hiyo, ongeza kidogo mwanzoni, kisha punguza. Na mapambo yote ya simu ya kuongeza besi, yazime.

Kama unakaa nyumba ya zamani Mji wa Kale, una bahati ambayo watu wa fleti hawana. Kuta zile za mawe na chokaa ni nene, na vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, mita tatu hivi au pungufu. Sauti inayotetema mara 115 hivi kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa mita tatu. Yaani sauti na chumba vyalingana. Weka albamu, simama katikati, kisha songa hatua mbili kuelekea ukutani. Sauti moja itazama, nyingine itapanda, na hakuna aliyegusa kitu. Jaribu kugeuza kichwa tu. Nimewaona watu wazima wakitembea chumbani polepole kama wanaotafuta sindano, na nyuso zao zimefunguka.

Niweke sauti kubwa kiasi gani?

Kiasi cha mtu kuzungumza karibu nawe kwa utulivu. Muda wa saa tatu ni mrefu kwa sikio. Shirika la Afya Duniani lasema desibeli 80 zavumilika kwa saa 40 kwa wiki, lakini ukifika 90 unabakiwa na saa nne tu. Waliozoea matatu za mji huu hawana akiba ya kuchezea.

Bando langu litaisha?

Ukiipakua kwa mp3 ya ubora wa juu kabisa, kilobiti 320 kwa sekunde, albamu nzima yala kama MB 400. Ukiichukua bila kubanwa, kama ilivyo kwenye CD, ni karibu GB 1.8. Pakua mara moja mahali penye waifai, kisha weka simu kwenye hali ya ndege. Usiisikize moja kwa moja mtandaoni: tangazo la biashara likiingia katikati ya Koumé, jioni yote imekwenda.

Nisikize yote kwa mpigo mmoja?

Si lazima. Anza na Kyema peke yake. Wiki nyingine rudia Kyema, usiharakishe Kailasha. Ila kipande kimoja usikikate. Afadhali usianze kuliko kuacha katikati.

Vyote vitatu kwa kikao kimoja ni jambo jingine, na likikujia siku yenye nafasi usilikatae. Baada ya saa mbili hivi sikio huacha kulalamika. Ukitoka nje, barabara husikika upya: tuktuk ina noti, taa ya mtaani ina noti, na wewe wazijua.

Wakati gani ni mzuri hapa mjini?

Baada ya Isha. Sisi huanza saa mbili na nusu za usiku, tukamaliza kiasi cha saa tano na nusu. Mchana haiwezekani, pikipiki na mafundi wa vyuma hawatakuachia nafasi, na adhana zitaingia. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili, upepo na mvua hufunika sauti ndogo, lakini mvua ikinyesha juu ya mabati wakati wa Kailasha mimi silalamiki. Usiku wa Alhamisi mara nyingi kuna maulidi au dhikri jirani. Usishindane nazo. Funga vyako uende ukasikize za watu.

Stima ikipotea? Subiri kidogo gizani. Ikirudi, anza kile kipande upya.

Na feni? Kaskazi hii huwezi kuzima feni.

Usiizime. Mwezi wa Februari mtu anayetokwa na jasho hasikizi kitu, anateseka tu. Feni ina mvumo wake, nao utaingia kwenye muziki kama mgeni. Iweke kasi ya chini kabisa na uiweke nyuma yako. Baada ya robo saa utakuta umeshaipangia mahali pake.

Tena naamini mtunzi mwenyewe hangechukia. Alipokuwa mama mdogo mwenye watoto huko Nice, kusini mwa Ufaransa, alikuwa akikaa karibu na uwanja wa ndege, na mivumo ya ndege zile ndiyo aliyokuwa akiisikiza kama muziki, kabla hajakuwa na chombo cha kutengeneza yake. Sisi tuna feri ya Likoni. Siku ukivuka, ingia mapema, usimame kando ya chuma, uweke kiganja juu yake. Kuna sauti kubwa ya injini ambayo kila mtu huisikia. Ndani yake kuna nyingine juu yake, na nyingine juu ya hiyo. Ukizipata tatu, uko tayari kwa Kyema.

Aliitengeneza vipi?

Kwa chombo kimoja na subira.

Chombo chenyewe ni sintesaiza, yaani ala ya umeme ya kuunda sauti, ya aina ya ARP 2500, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1970. Ni kabati la vifundo na vitelezi. Sehemu zake huunganishwa kwa kusogeza vitelezi vidogo safu kwa safu, badala ya nyaya zinazoning'inia kama kwenye nyingine za wakati ule. Radigue aliinunua New York, na alipoipeleka Paris aliiacha kibodi yake huko huko. Hebu lifikirie hilo. Mtu amenunua kinanda, akakiacha kile cha kupigia vidole. Hakutaka noti za kubonyeza, hii imeanza, hii imekwisha. Alitaka vifundo ambavyo waweza kuvizungusha kidogo kuliko jicho linavyoona.

Kabla ya hapo alikuwa amesomea kwa Pierre Schaeffer, aliyeanza mwaka 1948 kutunga kwa sauti zilizorekodiwa, za treni na vyuma, na baadaye akawa msaidizi wa Pierre Henry. Mabwana hao walikata tepu na kuunga tepu, sauti ikagongana na sauti. Yeye alijifunza mkasi wao vizuri sana, kisha akauweka chini.

Alirekodi sauti zake kwenye tepu, kisha akazichanganya kutoka mashine kadhaa, moja ikififia huku nyingine ikipanda, kwa mkono, mfululizo, mpaka kipande kiishe. Hakuna kompyuta ya kurekebisha baadaye. Mkono ukiteleza dakika ya arobaini, warudi mwanzo. Kwa hiyo ukisikia sauti moja ikiondoka kwa dakika nane, ujue kuna mkono uliokuwa ukikishusha kitelezi dakika zote nane, nao haukutetemeka. Mimi nikisikiza Kailasha huusikiza mkono huo zaidi kuliko sauti yenyewe.

Ni kweli inahusu kifo cha mwanawe?

Kyema ilikuwa imeshamalizika. Kisha, mwaka 1989, mwanawe Yves akafa kwa ajali ya gari. Vipande viwili vilivyofuata vilitungwa na mama aliyefiwa na mtoto.

Sipendi kuwaambia watu wasikie nini, lakini hili naona mtu alijue kabla ya kuingia Kailasha. Hakuna kilio ndani yake, wala pahali pa kusema sasa analia. Kuna sauti nzito inayokwenda bila kufika, kwa dakika hamsini na kitu, na ni kipande kigumu kuliko vyote vitatu. Wengi humaliza Kyema wakiwa wametulia, wakaingia Kailasha wakataka kutoka. Wakitaka kutoka, nawaambia watoke.

Nitasema langu. Babangu alikuwa fundi wa mashine bandarini Kilindini. Miaka ya mwisho masikio yake yalikuwa yameshachoka, lakini mashine alizijua kwa kiganja: aliweka mkono kwenye chuma, akafumba macho, akasema beringi ya upande gani imekwisha. Nyumbani alifanya hivyo kwenye pampu ya maji, na kwenye cherehani ya mama. Alipofariki, matanga yalikuwa kama matanga yote, nyumba imejaa watu na sufuria, na ule ukarimu wa watu kuja kukaa nawe bila ya kukutaka useme neno. Sikutaka muziki wowote siku hizo. Ni miezi miwili baadaye, usiku, peke yangu, nilipoiweka Kailasha. Nilikuwa nimekaa chini nimeegemea ukuta, na mahali fulani katikati ya kipande nikajikuta nimeweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa ukitetema. Kidogo sana. Nikafumba macho nikatafuta ni wapi.

Tangu siku hiyo siwezi kuiita albamu hii ngumu. Ni ndefu, hilo kweli.

Mimi ni Mwislamu. Si ibada ya dini nyingine hii?

Swali zuri, na wanaouliza wana haki ya jibu la wazi. Radigue aliingia katika Ubudha wa Tibet katikati ya miaka ya 1970, hata akaacha kutunga kwa miaka kadhaa. Kyema imefuata kitabu cha Kitibeti kuhusu mauti, kiitwacho Bardo Thodol, chenye hali sita za kupita, kuanzia kuzaliwa na ndoto mpaka kufa na kurejea. Kailasha ni safari ya kuwaza ya kuuzunguka Mlima Kailash, wenye mita 6,638, ambao mahujaji huuzunguka kwa miguu kilomita 52 hivi. Mlima huo ni mtukufu kwa Wahindu pia na kwa Wajaini, majirani zetu hawa wenye hekalu la marumaru Langoni. Koumé ndiyo ya majivu, na ya kuyavuka mauti.

Hayo ndiyo yaliyomo kwenye nia ya mtunzi. Kwenye sauti yenyewe hakuna dua inayotamkwa wala jambo unalotakiwa kuliitikia. Mimi si shehe, na fatwa sitoi. Wapo ndugu wanaoona muziki wote haufai. Hao hatuwabishii, na salamu zetu ni zile zile. Wewe muulize unayemwamini. Sisi adhana ikiingia huzima, na hatuanzi mpaka watu wametoka msikitini.

Nimelala. Nimeharibu?

Hujaharibu. Sauti uliyoamka nayo si ile uliyolala nayo, nayo ni njia moja ya kujua imekwenda mbali kiasi gani. Ila ukikoroma, jirani yako ana ruhusa ya kukusukuma.

Nilishikwa na wasiwasi, kifua kikabana. Niendelee?

Zima. Washa taa, kunywa maji, toka nje upate upepo. Sauti nzito inayokaa muda mrefu huwaingia wengine vibaya, hasa gizani na peke yao, na hakuna tuzo la kuvumilia. Ukitaka kujaribu tena, jaribu mchana na mwenzio, kwa sauti ndogo. Usipotaka tena, basi. Na kama masikio yanalia hata baada ya kuzima na hayaachi, mwone daktari wa masikio.

Huu si muziki wa Wazungu? Wahusu nini na sisi?

Swali hili huulizwa kwa ukali kidogo, na mimi hulijibu kwa furaha, kwa sababu historia yenyewe iko upande wetu zaidi ya watu wanavyodhani.

Vitabu vingi vyaanzia Paris mwaka 1948, kwa Schaeffer. Lakini Cairo, mwaka 1944, kijana wa Kimisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya kutoka stesheni ya redio, akaenda kurekodi wanawake katika zar, ngoma ya kupunga pepo. Halafu akaichukua ile rekodi, akaondoa sauti za msingi, akabakiza mwangwi na mvumo wa juu, akaipitisha vyumbani ikarudi imegeuka. Hiyo ni miaka minne kabla ya Paris. Na ngoma za pepo, wazee wa pwani hii hawahitaji kuelezwa na mtu.

Kisha kuna zumari. Mpiga zumari kwenye harusi hakati pumzi. Avuta kwa pua huku mashavu yamejaa yakisukuma, na sauti haivunjiki dakika baada ya dakika, mpaka mwenye kusikiza ndiye anayeanza kutafuta hewa. Sikio lililokua na hiyo haliwezi kuambiwa kwamba sauti isiyokatika ni kitu kigeni.

Na hapa hapa Kenya ndiko alikotoka KMRU, jina lake Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mkongwe wa nyimbo za Kikuyu. Albamu yake ya Peel, ya mwaka 2020, ina zaidi ya saa moja ya mivumo na sauti zilizorekodiwa. Wengine tunaowaona wakisita mbele ya Radigue twawaanzishia hiyo. Hupita kwao kama mlango wa jikoni, ule wanaoingilia watu wa nyumbani.

Nimemaliza zote tatu. Nisikize nini sasa?

Kwa Radigue mwenyewe, L'Île re-sonante ya mwaka 2000, chini ya saa moja, kazi yake ya mwisho kwa sintesaiza. Baada ya hapo alihamia kwa wapiga ala, akatunga bila ya kuandika noti, kwa kukaa na mpigaji mmoja mmoja, na tangu mwaka 2011 akaanza mfululizo wa Occam Ocean, ambao picha yake ni mawimbi ya bahari. Usikize karibu na maji ukiweza.

Ukitaka ndefu na ya sura nyingine kabisa, wawili wa Autechre kutoka Uingereza walitoa NTS Sessions mwaka 2018, muda wa saa nane. Hapo midundo imo, imevunjwa na kuungwa upya kila dakika. Mimi naiheshimu kuliko ninavyoipenda, lakini barobaro wawili kati yetu hawasikii wala hawaambiwi juu yake.

Mwakutana lini, na nije na nini?

Mara moja kwa mwezi, na tarehe huipanga bahari: twachagua usiku ambao maji yatakuwa yanajaa tunapoanza. Chumba chetu kina dirisha la juu, na ukifika mapema, waweza kuona jahazi zimelala ubavu kwenye tope. Tukifungua dirisha mwishoni huwa zimesimama zaelea.

Hakuna malipo. Njoo na mto wa kukalia, maana sakafu ni ngumu na muda wa saa tatu ni muda wa saa tatu. Viatu vyaachwa mlangoni, simu pia, kwenye kikapu. Kahawa na kashata ni kabla ya kuanza, si katikati. Karatasi ya kashata ina kelele kuliko unavyofikiri. Ukichelewa na ukakuta mlango umefungwa, usibishe. Kaa ngazini. Ngazini pia hufika.